Civilization VI: Duel, Standard au Huge kwa anayetaka rasilimali adimu?

zamu_moja_tu
Wakuu, naanza mchezo mpya wa Civilization VI (ule wa kompyuta wa kujenga himaya kwa zamu) wenye nyongeza ya Gathering Storm na nimekwama kwenye ukubwa wa ramani. Ninachojali ni rasilimali adimu: chuma mapema, mafuta na urani baadaye, pamoja na bidhaa za anasa za kutuliza miji. Kuna wanaosema ramani ikiwa kubwa mali inakuwa tele, na kuna wanaosifia ndogo kwa kuwa kila kitu kipo karibu. Nachagua kati ya Duel (ndogo kabisa), Standard (ya kawaida) na Huge (kubwa kabisa). Mwenye hoja ya hesabu tafadhali, siyo "mimi naonaga hivyo".

mpima_ardhi
Hesabu hii hapa. Duel ni vigae (vipande vya ramani) 44 kwa 26, jumla 1,144, na kwa kawaida huja na wachezaji 2. Kila mmoja ana 572. Standard ni 84 kwa 54, jumla 4,536 kwa wachezaji 8: 567. Huge ni 106 kwa 66, jumla 6,996 kwa wachezaji 12: 583. Nimeweka bahari na barafu humohumo, ila picha haibadiliki. Ramani imepanuliwa sambamba na idadi ya walaji. Anayehamia Huge akidhani ataongezewa shamba, anaongezewa majirani. Hata miji huru (miji midogo isiyo ya mchezaji yeyote) imepangwa hivyohivyo: 3, 12 na 18, yaani mmoja na nusu kwa kila mchezaji.

Kwa hiyo kwenye chuma cha mwanzo usiumize kichwa na ukubwa. Mgodi mmoja hutoa 2 kila zamu, askari wa upanga anakula 20. Ukipata mgodi mmoja tu, kila baada ya zamu 10 una askari. Hilo halijui kama upo Duel au Huge.

farasi_wa_bure
Hesabu nzuri mkuu, lakini umeruka mabara, na ukubwa wa ramani unabadilisha mambo hapo hasa. Bidhaa za anasa hugawiwa kwa bara, kila bara aina 4. Standard ina mabara 4, Huge ina 6, na Duel iko chini kabisa. Zidisha mwenyewe: Standard inakaribia aina 16, Huge 24. Na kumbuka aina moja hutuliza miji 4 tu, wakati nakala ya pili ya aina ileile haiongezi chochote kwako. Chukua manyoya, ambayo ni anasa mojawapo: mwenye nakala tano na mwenye nakala moja wanapata starehe sawa. Ukitaka himaya ya miji mingi isiyonung'unika, unahitaji aina nyingi, siyo wingi wa aina moja.

zamu_moja_tu
Basi Huge imeshinda?

mpima_ardhi
Taratibu. Hizo 24 zipo duniani, hazipo kwako. Bara lako la nyumbani lina aina 4 iwe Standard iwe Huge. Nyingine zipo ng'ambo, na hadi meli zako zikafike huko kuna mtu ameshajenga mji juu yake. Usidanganywe na aina ya ramani ya Pangaea pia: nchi kavu ni moja lakini mchezo bado unaikata kuwa mabara, basi bidhaa za upande wa pili zinabaki za upande wa pili.

soko_huria
Nyote mnaongelea ardhi, mimi naongelea soko. Kwenye Duel mteja wako pekee ndiye adui yako. Akiwa na chuma na wewe huna, nani atakuuzia? Mkianza vita, biashara imekufa na hakuna mlango wa pili wa kubisha. Kwenye Standard una wapinzani 7. Mmoja akikununia, mwingine anahitaji manyoya yako ya ziada, na hapo zile nakala alizozidharau farasi_wa_bure zinageuka pesa au aina mpya ya anasa. Tena kwa Gathering Storm chuma na mafuta huwekwa ghalani na kuuzwa kwa kiasi, kwa hiyo hata asiye na mgodi anaweza kununua cha kuundia jeshi.

Halafu kuna miji huru. Ukiwa mlezi wa mji huru, yaani mwenye ushawishi mkubwa kuliko wote kwake, unapata rasilimali zake. Zanzibar ndiyo tamu kuliko yote: inakupa mdalasini na karafuu, ambazo hazipatikani kwingine kokote, na kila moja inahudumia miji 6 badala ya 4. Miji huru ikiwa 3 tu kwenye ramani, Zanzibar kutokea ni bahati. Ikiwa 18, kaa mkao wa kula.

kobe_wa_vita
Nje ya mada kidogo: Age of Empires II, mchezo mwingine wa himaya, ni vilevile. Kwenye ramani nyingi, ndogo kwa kubwa, kila mchezaji anawekewa dhahabu yake karibu na kituo cha mji. Ukubwa unalipa kwenye mikokoteni ya biashara, maana masoko yakiwa mbali faida kwa safari moja inapanda.

farasi_wa_bure
Nirudi kwenye urani aliyoulizia. Ipo ardhini tangu zamu ya kwanza, ila huioni hadi teknolojia ya Combined Arms. Kufikia hapo ardhi imeshagawanwa. Jangwa na theluji ambazo kila mtu anazikwepa ndiko mafuta hupenda kujificha, basi weka hata kijiji kibovu huko mapema.

mpima_ardhi
Ukitaka mali ya kweli, usiguse ukubwa, punguza watu. Chukua Standard, weka wachezaji 6, acha miji huru 12. Kila mmoja anapata vigae 756. Ile chaguo ya rasilimali tele sikushauri, inawajaza na maadui zako.

zamu_moja_tu
Na nikiweka wachezaji 4?

mpima_ardhi
Vigae 1,134 kwa kila mmoja, karibu Duel nzima peke yako. Utajiri utauona.

soko_huria
Ila wanunuzi wamebaki 3. Wawili wakikuchukia, hizo nakala za ziada utakula mwenyewe. Weka 6.

zamu_moja_tu
Standard, wachezaji 6, miji huru 12. Naanza usiku huu.