Nani alianzisha klabu yetu ya matembezi?

Katibu: Jamani habari za jioni. Ile fomu ya usajili ina kipengele kimeandikwa "historia fupi ya klabu" na wameacha mistari sita tu. Tangu mchana naikodolea macho hiyo mistari, hata mwaka tulioanza sina uhakika nao. Mwenye kumbukumbu aandike hapa, kwa UFUPI, nawajua nyie

Mweka Hazina: kwa ufupi, kwenye kikundi hiki 😂😂

Babu: Klabu niliianzisha mimi. Andika hivyo. Daktari aliniambia nitembee nusu saa kila siku nikatii. Wengine wakafuata.

Mama Mkubwa: Shemeji!! Ulitii?

Mama Mkubwa: Katibu andika vizuri. Huyu mzee aliambiwa atembee, akawa kweli anatoka asubuhi na raba zake, akifika kwenye ule mti wa kona anakaa anasoma gazeti mpaka linaisha, akirudi anajimwagia maji ya bomba usoni ndo anaingia ndani anahema. Dada yangu akashangaa jasho gani hili halina hata harufu, akanituma mimi nikamchunge. Kwa hiyo klabu imeanza kama ulinzi

Babu: Hayo ya bomba hayahusiani na fomu.

Dogo: 😂😂😂 shikamoo Babu

Babu: Marahaba.

Dogo: ila jamani ukigusa jina la kikundi ukashuka chini kabisa inaonyesha kimeundwa Juni 2020 na aliyekiunda ni mimi. so mwanzilishi ni mimi hapa, nilikuwa na miaka 13, na sijawahi kutembea na nyie hata siku moja

Mama Mkubwa: Wewe ulinitengenezea kikundi kwenye simu kwa sababu nilikuwa nabonyeza nafuta watu. Kutembea tulianza kabla ya korona, subirini nina picha

Mama Mkubwa: 📷 Picha

Mama Mkubwa: Mnaona? Barakoa hakuna hata moja

Jirani Mpya: Babu alikuwa na nywele!

Mweka Hazina: na huyo wa kofia ya njano pembeni nani? amekatwa nusu

Mwalimu: Naomba niingie hapo. Hili swali la klabu kuanza lini msilione dogo. Vienna mwaka 1895 mwalimu mmoja wa shule anaitwa Georg Schmiedl (mwalimu mwenzangu huyo) aliweka tangazo gazetini anatafuta watu wanaopenda kwenda kutembea nje ya mji, wakajitokeza mhunzi mmoja, mwanafunzi wa sheria na wengineo, wengi wafanyakazi ambao siku yao ya kupumua ni Jumapili tu, ndo wakaanzisha Naturfreunde, yaani marafiki wa asili, na chama kipo mpaka leo. Yule mwanafunzi ndo Karl Renner, baadaye akaja kuwa rais wa Austria. Sasa niambieni, chama kilianza siku ya tangazo, siku waliyotembea mara ya kwanza au siku ya kusajiliwa?

Mweka Hazina: siku ya mchango wa kwanza

Mwalimu: Nilijua utasema hivyo

Mweka Hazina: sio utani mwalimu, kabla ya mchango hakuna maandishi. mchango wa kwanza ulikuwa wa vile vikoti vya kung'aa, baada ya lile gari kutukosakosa alfajiri. siku ile ndo nikafungua daftari. kabla ya hapo kila mtu anasema lake kama mnavyoona sasa hivi

Katibu: Daftari ninalo hapa mezani. Ukurasa wa kwanza mpaka wa nane zimegandana, ni ile mvua iliyotukuta mwenye mkoba akakimbia akauacha 🙄

Babu: Mkoba ulikuwa mzito.

Katibu: Ukurasa wa tisa ndo unaanza kusomeka. Ni ule mgogoro wa njia ya nyuma, walipoweka uzio

Shangazi: Uuuwi ule mgogoro. Nusu wanataka turuke, nusu wanataka barua. Mimi na umri huu nilisharuka nikiwa na sketi halafu nasikia ati tunaandika barua, nikarudi tena juu ya ule ule uzio

Mwalimu: Na hapo ndipo tulipoingia kwenye historia kubwa bila kujijua. Uingereza tarehe 24 Aprili 1932, vijana kama 400 hivi walipanda mlima unaitwa Kinder Scout kwa makusudi, ardhi ya mabwanyenye wa kuwinda ndege, watu wa miguu wamepigwa marufuku. Aliyeongoza ni Benny Rothman, kijana wa miaka 20. Wakapambana na walinzi, watano wakafungwa, kuna aliyekula miezi sita. Lakini mnajua nani mwingine aliwapinga? Viongozi wa vyama vya matembezi vyenyewe! Walisema hawa vijana wanatuharibia mazungumzo na wenye ardhi. Yaani wa kuruka na wa barua, vile vile kama sisi. Ikaja sheria ya hifadhi za taifa 1949, na eneo hilo hilo la Peak District ndo likawa hifadhi ya kwanza, 1951

Mweka Hazina: kwa hiyo nani alikuwa sahihi, wa kuruka au wa barua

Mwalimu: Watu wanabishana mpaka leo. Mimi naona bila walioruka barua zingeendelea kukaa kwenye droo

Shangazi: Asante mwalimu. Katibu andika nilikuwa sahihi

Katibu: Sisi barua ndo ilifungua geti Shangazi, tunapita mpaka leo kabla ya saa moja. Inabidi niwe mkweli

Shangazi: Na barua ilisema nini? "Kutokana na baadhi ya wanachama kuruka." Mimi ndo baadhi

Katibu: 😂 sawa. Twende ukurasa wa kumi na mbili. "Kanuni namba moja, kila mwanachama hatua 10,000 kwa siku, asiyefikisha atoe maelezo." Hii nani alileta?

Mweka Hazina: ...

Dogo: anko ulikuwa umenunua ile saa 😂

Mweka Hazina: nilikuwa na nia njema. dunia nzima inasema 10,000

Mwalimu: Dunia nzima imeipata kwenye tangazo la biashara. Baada ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964 Wajapani wakapandwa na hamu ya mazoezi, mwaka 1965 kampuni moja kule ikatoa kifaa cha kuhesabu hatua wakakiita manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Namba ya duara, inapendeza mdomoni. Haikutokana na utafiti wa daktari. Utafiti umekuja kufanyika baadaye sana, ule wa 2019 wa akina mama wazee wa Marekani zaidi ya 16,000, wastani wa umri miaka 72, walikuta hata waliofanya hatua kama 4,400 walikuwa na vifo vichache kuliko wa 2,700, na faida iliongezeka mpaka kama 7,500 hivi halafu ikatulia

Jirani Mpya: Kumbe! Mimi kila siku nazunguka sebuleni saa nne usiku kutafuta 600 zilizobaki

Mweka Hazina: si nyie mlipiga kura wote mkaikubali

Shangazi: Si wote.

Shangazi: Mtu ameuliza hapo juu wa kofia ya njano nani mkampita kama hamjaona. Ni jirani wa geti jeusi. Mnajifanya hamkumbuki?

Mama Mkubwa: Mimi nakumbuka. Nilikuwa nasubiri mwingine aseme

Shangazi: Babu na Mama Mkubwa walikuwa watu wawili wanachungana. Aliyewaona siku ya tatu ya nne akatoka kwake akaungana nao ni yeye, na yeye ndo aligonga mlango wangu, akagonga wa Katibu, akagonga wa mwalimu, kila nyumba, "kesho saa kumi na moja na nusu tunapita, utatoka au tukuache". Mimi nilitoka kwa kuona aibu tu. Ndani ya mwezi tukawa kumi na kitu. Halafu ikaja hiyo kanuni, magoti yake yakawa yanavimba, anaishia nusu ya njia, na kila Jumamosi anasimamishwa atoe maelezo mbele za watu. Akatoa wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu hakuja. Nani alienda kugonga kwake?

Katibu: Naona hapa kwenye daftari, jina lake linaonekana mpaka ukurasa wa kumi na nne tu. Pembeni kuna alama ya X nyekundu nne

Mweka Hazina: huo mwandiko ni wangu

Mweka Hazina: aisee sikuwahi kufikiria kwamba ni ile kanuni, nilijua amehama ratiba, si kulikuwa na kazi zake

Babu: Alikuwa ananiletea gazeti.

Mama Mkubwa: NINI?

Babu: Lisomwe baada ya kutembea. Tulikubaliana. Nusu saa kwanza. Ndio maana nilianza kutembea kweli. Sio kwa sababu ya ulinzi.

Dogo: guys… yumo humu. nilimuunga siku ile ile ya kwanza, nimeangalia orodha hajawahi kujitoa. na anasoma, tiki zote ni za bluu

Jirani Mpya: 😳

Katibu: Jirani yetu kama unasoma naomba radhi, mimi nilikuwa katibu wakati ule na nilikuwa naandika tu ninachoambiwa. Naifuta hiyo kanuni leo, na wasiopinga wakae kimya

Mweka Hazina: sipingi. na mimi samahani sana dada

Shangazi: Anaandika… naona anaandika

Shangazi: Ameacha

Mama Mkubwa: Muacheni mtu apumue

Katibu: Wakati tunasubiri nimejaribu hivi: "Klabu ilianza kabla ya 2020 pale mzee mmoja alipoambiwa na daktari atembee na shemeji yake akatumwa kumsindikiza. Jirani wa tatu aliwaona, akaungana nao, akagonga milango ya majirani mmoja mmoja mpaka ikawa klabu. Mwaka 2020 kikafunguliwa kikundi cha simu. Baadaye tulifungiwa njia ya nyuma, ikafunguliwa kwa barua na kwa jitihada nyingine." Hapo mistari mitano

Shangazi: "Jitihada nyingine" 😏 nimekubali

Mwalimu: Ungeweka na Vienna kidogo

Katibu: Hapana mwalimu

Jirani wa Geti Jeusi: Ilikuwa siku ya tano, sio ya tatu. Jumanne.

Jirani wa Geti Jeusi: Na kofia ilikuwa ya rangi ya chungwa. Picha imepauka.

Katibu: 😭😭 narekebisha sasa hivi. Kesho tunapita kwako saa kumi na moja na nusu, utatoka au tukuache?

Jirani wa Geti Jeusi: Goti moja ndo linakubali, la pili lina maneno. Mpaka kwenye mti wa kona nafika. Zaidi ya hapo siahidi.

Babu: Na mimi naishia kwenye mti.

Jirani wa Geti Jeusi: Nije na gazeti?

Babu: Njoo nalo.

Mama Mkubwa: SHEMEJI