Watafiti wawili wa tiba, h ya 34 na h ya 11: tumpandishe nani cheo?

Mjumbe wa kamati: Wataalamu, habari za wakati huu. Nimo katika kamati itakayopendekeza mtafiti mmoja apandishwe cheo. Wa kwanza anachunguza saratani, makala zake ni nyingi na zenye waandishi wengi, na faharisi yake ya h, yaani namba inayopima makala zake na mara zilizonukuliwa na watafiti wengine, ni 34. Wa pili anachunguza ukoma, makala zake ni chache, ingawa katika nyingi ndiye mwandishi wa kwanza au wa mwisho, nafasi za aliyefanya kazi kubwa au aliyeiongoza, na h yake ni 11. Wenzangu wanaona namba zimekwisha kuamua. Mimi ninasita, ila sina hoja za kuwaeleza. Namba hizi zinatuambia nini hasa?

Mkutubi wa tiba: Ndugu mjumbe, unasita kwa haki. Faharisi ya h ilipendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch: mtafiti ana h ya 5 ikiwa makala zake 5 zimenukuliwa angalau mara 5 kila moja. Mwenye makala sita zilizonukuliwa mara 40, 25, 12, 6, 5 na 2 ana h ya 5, na hata ile ya kwanza ingenukuliwa mara 4,000 h yake isingepanda. Kwa hiyo kazi moja iliyobadilisha tiba haionekani humo. Haionekani pia tofauti kati ya aliyebuni utafiti na aliyeandikwa wa ishirini katika orodha ya waandishi. Lakini lililo zito zaidi kwenu ni kwamba wanaochunguza saratani ni wengi mno kuliko wanaochunguza ukoma, na watafiti hunukuliwa zaidi na wenzao wa fani ileile. H za fani hizo mbili hazilinganishiki.

Hakikisheni pia kwamba namba zote mbili zimetoka hifadhidata moja, kwa maana Google Scholar huhesabu hata tasnifu na rasimu ambazo hazijapitiwa na wataalamu wengine, na kwa kawaida hutoa idadi kubwa kuliko Scopus, hifadhidata inayochagua majarida.

Mjumbe wa kamati: Nakushukuru sana. Mwenzetu mmoja anapendekeza basi tutazame kigezo cha athari cha majarida waliyochapisha.

Daktari mtafiti: Hilo nalipinga kabisa. Kigezo hicho ni wastani wa jarida zima: manukuu ya mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia, yakigawanywa kwa idadi ya makala hizo. Makala chache zinazonukuliwa sana huvuta wastani juu, na nyingine zote hufaidi sifa ambazo si zao. Tamko la DORA kuhusu tathmini ya utafiti, lililotokana na mkutano wa San Francisco wa mwaka 2012, linataka waziwazi kigezo hicho kisitumike kuamua ajira wala vyeo.

Tena, kunukuliwa si kuaminiwa. Makala ya daktari Andrew Wakefield ya mwaka 1998 katika The Lancet, iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji, ilifutwa na jarida hilo mwaka 2010, na bado imenukuliwa mara nyingi sana, mara nyingi na watu wanaoikanusha. Kwa upande mwingine, makala ya Karikó na Weissman ya mwaka 2005 kuhusu kurekebisha mRNA, molekuli inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini, haikuvutia wengi ilipotoka, lakini ndiyo iliyofungua njia ya chanjo za mRNA za UVIKO-19 na kuwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2023. Kamati inayohesabu tu ingempita Karikó bila kumwona, na hilo linaniuma kila ninapokaa katika vikao vya namna hii.

Mwombeni kila mmoja achague makala zake tano, aeleze yeye binafsi alifanya nini katika kila moja, na kama kuna mwongozo wa matibabu uliozitumia. Kisha zisomeni.

Mtakwimu: Nakubaliana na daktari. Wenzako wakishikilia namba, watumie angalau iliyosawazishwa kwa fani. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani hutoa bure, kupitia tovuti yao ya iCite, uwiano unaolinganisha makala na nyingine za fani yake, ambapo 1 ni sawa na makala ya kawaida iliyofadhiliwa na taasisi hizo. Kwa makala za mwaka mmoja au miwili iliyopita msiutegemee, kwa sababu manukuu yake bado ni machache mno.