Asilimia za damu kwenye kuunda buldogi mpya: njia ipi ina mashiko?

Mtunza Banda
Wakuu, naomba mawazo. Nataka kuanzisha nasaba ya buldogi wa kazi: kifua kipana kilekile, kichwa kikubwa, lakini awe na pua inayopitisha hewa na jike azae bila kupasuliwa. Nimebakiza njia tatu.

Ya kwanza ni kufuata mgawo wa damu tangu mwanzo, kama David Leavitt wa Pennsylvania aliyeanza aina ya mbwa iitwayo Olde English Bulldogge mwaka 1971: nusu buldogi wa Kiingereza, moja ya sita Bullmastiff, moja ya sita American Pit Bull Terrier, moja ya sita American Bulldog. Ya pili ni kuingiza damu ngeni mara moja tu, kisha kurudi kwa buldogi kizazi baada ya kizazi. Ya tatu ni kuachana na asilimia kabisa, nichague mbwa kwa macho na vipimo. Mimi naegemea ya kwanza. Mtu akiuliza "huyu ana nini ndani", jibu ninalo.

Hesabu Kwanza
Hiyo moja ya sita utaipataje, mkuu? Mtoto huhesabiwa nusu kwa baba, nusu kwa mama. Kwa hiyo sehemu yoyote utakayoandika kwenye karatasi ya ukoo itakuwa na 2, 4, 8, 16 au 32 chini yake. Sita haimo, na haitaingia hata ufike kizazi cha 20. Ukipanga vizuri, kizazi cha tano kinaweza kukupa 16/32 za buldogi, 6/32 za Bullmastiff na 5/32 kwa kila mmoja wa wale wawili. Inakaribia, basi.

Bullmastiff mwenyewe husemwa ni asilimia 60 mastifu, yule mbwa mkubwa wa ulinzi, na 40 buldogi. Kwa hesabu hiyohiyo, hakuna mbwa mmoja anayeweza kugonga 60 kamili. Namba hizo ni dira ya kundi zima, si cheti cha mbwa aliyesimama mbele yako.

Mama Jike Tatu
Hesabu umemaliza, ila usimvunje moyo kaka yetu. Kwenye upandishaji wa kwanza asilimia inafanya kazi: buldogi kwa mastifu unapata nusu kwa nusu kweli, na watoto wanafanana. Tatizo ni pale unapopandisha hao machotara wenyewe kwa wenyewe. Nimeona uzao wa namna hiyo kwa mfugaji mwenzangu. Mmoja uso umebonyea, matundu ya pua kama yamechanjwa kwa wembe, anakoroma akiwa macho. Anayelala pembeni yake ana mdomo mrefu wa mastifu na miguu mirefu, usingedhani wametoka tumbo moja. Karatasi zao? Nusu kwa nusu wote.

Asilimia inachukulia damu kama maziwa na maji, kwamba ukikoroga kila kikombe kinatoka sawa. Mbwa ana jozi 39 za kromosomu, na kila mzazi akitoa mbegu zinachanganywa upya. Babu "wa robo" anaweza kumpa mjukuu huyu 21, yule 29. Na hata ungejua ni 29, hujui ni ipi: ya pua au ya rangi?

Dume la Kazi
Nyie mnachambua sana. Leavitt alitumia mpango wa kuzalisha ng'ombe uliotoka Ohio State University na mbwa alipata. Bila mgawo ulioandikwa, baada ya miaka michache kila mtu anasukuma dume wake tu na nasaba inakuwa ya mtu mmoja.

Kipimo Kwanza
Alipata, ndiyo, lakini mpango ule ulikuwa wa kupanga ukoo, nani apandishwe na nani. Na kila kizazi bado ilibidi achague wa kubaki na wa kutoka. Uchaguzi huo ndio unaojenga mbwa.

Tazama Dalmatian, wale mbwa weupe wa madoadoa. Wote walikuwa na kasoro ya asidi ya yuriki inayoleta mawe kwenye kibofu. Mwaka 1973 Robert Schaible wa Marekani alipandisha Dalmatian na Pointer, mbwa wa kuwinda, mara moja, kisha akarudi kwa Dalmatian kila kizazi. Damu ya Pointer ikashuka: 50, 25, 12.5, 6.25, mpaka chini ya asilimia moja. Mtu wa asilimia angesema Pointer kaisha. Wapi! Kwa kuwa mkojo ulipimwa kila kizazi, nakala ya jeni isiyo na kasoro ilibaki. Na kila mara, kwa wastani, nusu ya watoto waliipata na nusu waliikosa. Ndugu wa tumbo moja, asilimia ileile hadi desimali, mmoja mzima na mwingine na kasoro yake. Kwa taarifa yako Mtunza Banda, kasoro hiyo imo kwenye buldogi pia, na kipimo cha vinasaba kipo.

Njia ya pili basi haina ubaya, ila kwa lengo lako ina mtego. Inafaa unapotaka jeni moja. Kupumua na kuzaa bila kupasuliwa hakutoki kwenye jeni moja, na kila ukirudi kwa buldogi unarudisha pua bapa uliyokuwa unaikimbia.

Hesabu Kwanza
Niongeze moja. Asilimia haioni undugu. Pandisha machotara wawili ndugu: watoto bado wanasomeka 50 kwa 50, damu "mpya" tele. Lakini kiwango cha uzao wa ndani, yaani wa ndugu kwa ndugu, ni asilimia 25, hata kama wazazi wa mwanzo hawakuwa na undugu wowote. Mwanajenetiki Sewall Wright aliweka kanuni ya kukokotoa hilo mwaka 1922. Kama lazima uwe na namba moja kwenye karatasi, weka hiyo.

Mtunza Banda
Sawa, nimeelewa. Kwa hiyo niunganishe: mgawo wa kuanzia kwa waasisi tu, wengi kadiri nitakavyoweza, wasio ndugu. Kuanzia kizazi cha pili nachagua kwa pumzi, nyonga, vipimo vya vinasaba na namna jike anavyozaa. Mkia wa skrubu, ule mfupi uliojipinda, je?

Kipimo Kwanza
Huo pima jeni ya DVL2, ambayo karibu buldogi wote wanabeba nakala zake mbili zenye kasoro. Ukipandisha na mbwa asiye na kasoro hiyo kabisa, watoto wanapata moja moja na kwa kawaida mkia unanyooka. Ukipandisha hao wenyewe kwa wenyewe, kwa wastani robo wanarudi kuwa na mbili. Ukishawajua wenye nakala moja, wapeleke kwa wasio nayo.

Dume la Kazi
Na mnunuzi akiuliza damu?

Mama Jike Tatu
Mwonyeshe wazazi wanavyopanda mlima na kurudi bila kukoroma. Nyonga usizipe cheti kabla mbwa hajafikisha miezi 24. Ina maana kizazi chako cha tano, Mtunza Banda, hakiji kabla ya miaka minane. Hao majike wa kwanza waandikie daftari tangu sasa: nani alizaa mwenyewe, nani alisaidiwa, na saa ngapi zilipita kati ya mtoto mmoja na mwingine.