Mgeni wangu anataka tukae siku nne Uingereza kutazama mechi MOJA ya kriketi. Nishaurini

Geti la Machame:
Wakuu salaam. Naongoza wageni mlimani, nipo hapa Moshi. Kuna mzee mmoja wa Kiingereza nimempandisha mara mbili, tumekuwa kama ndugu. Kanikatia tiketi niende kwake Worcester mwezi wa tano, viza imeshatoka. Juzi kanitumia ratiba, nikaona siku nne mfululizo zimeandikwa kriketi. Nikajua ni mechi nne. Nampigia, ananiambia ni moja. Inaanza saa tano asubuhi mpaka jioni, watu wanakwenda kulala, kesho yake inaendelea pale ilipoishia. Nikamuuliza mshindi anapata nini, akasema huenda mshindi asipatikane.

Mimi ni mtu wa mpira wa miguu, pale uwanja wa Ushirika. Dakika 90, mishikaki miwili, nyumbani. Naogopa nitasinzia mbele ya mzee wa watu. Nikatae vipi bila kumvunjia heshima?

Njoro Chini:
Siku nne halafu sare? Hiyo si mechi, hayo ni matanga.

Mama Kiburu:
Mdogo wangu usikatae. Mimi nipo Birmingham miaka mingi, Worcester siyo mbali, nimeshapelekwa na majirani. Kwanza ondoa hofu ya kusinzia, nusu ya wazee pale wanasinzia na gazeti usoni. Hakuna anayekodoa macho kutwa. Watu wanapiga soga, wanazunguka uwanja, wanarudi kwenye viti vyao. Saa saba mchana wachezaji wanakwenda kula dakika 40, saa tisa na kitu wanapumzika tena dakika 20 kwa ajili ya chai. Ndiyo, mchezo unasimama watu wanywe chai.

Uwanja wenyewe unaitwa New Road. Umekaa pembeni ya mto Severn, na ng'ambo ya mto kuna kanisa kuu la zamani lenye mnara mrefu. Jioni jua likiupiga ule mnara, na wale watu wamevaa nyeupe kwenye majani mabichi, hata mimi nisiyejua nani anashinda nilinyamaza. Na keki zao pale, ukizikosa utajilaumu.

Siku ile pembeni yangu alikaa babu mmoja na daftari na penseli, anaandika kila mpira unaorushwa. Mpira usiozaa kitu anaweka nukta. Ukurasa mzima nukta! Nikamwonea huruma, kumbe yeye ndiye aliyekuwa na raha kutuzidi wote.

Kama safari yako ingekuwa Julai ningekwambia mwombe akupeleke Cheltenham, wanacheza kwenye uwanja wa shule, mahema yamezunguka, na desturi hiyo ipo tangu 1872. Ila kwa Mei, Worcester inatosha.

Mpagazi Mstaafu:
Mangi unanichekesha. Wewe si ndiye unayewatembeza watu wa watu siku sita, saba, "pole pole, pole pole", mwendo wa kinyonga, na wengine kileleni hawafiki na hela hawarudishiwi? Leo zamu yako kukalia kiti siku nne unalia.

Halafu hao watu na kriketi yao usiwachezee. 2014 walipanda mpaka kwenye kreta ya Kibo, juu ya mita 5,700, wakacheza kriketi kule. Makhaya Ntini, mchezaji wa zamani wa timu ya Afrika Kusini, alikuwepo. Sisi huku tunatafuta pumzi ya kufunga kamba za viatu.

Kibosho Road:
Mimi napingana nanyi. Mweleze ukweli, Mwingereza hakasiriki ukisema mapema. Siku mbili uwanjani, mbili utembee. Kama anataka mkae pamoja zote, akutafutie ile kriketi fupi ya ova 20 kwa kila timu (ova ni fungu la mipira inayorushwa), masaa matatu imekwisha.

Mama Kiburu:
Ile fupi ni muziki na kelele, Kibosho. Mzee hajamwalika huko.

Mzee wa Majengo:
Kijana, kriketi si ya kigeni kwetu kama mnavyodhani. 1975 timu ya Afrika Mashariki, Watanzania wakiwemo, ilikwenda Kombe la Dunia hukohuko Uingereza. Ikapigwa mechi zote tatu, lakini ilikwenda.

Beba koti, lile la usiku wa kilele. Mei yao ni Julai ya Arusha na upepo juu. Mvua ikinyesha usikimbie, watafunika uwanja na mtangoja. Na ule mto si mchezo, 2007 ulifurika katikati ya kiangazi ukaumeza uwanja, mechi zikafutwa. Mpelekee kahawa ya kwetu, mnywe hapo hapo kutoka kwenye chupa ya chai. Chakula chenu mnaingia nacho, hakuna wa kuwafukuza.

Geti la Machame:
Shikamoo mzee, nimekuelewa. Mpagazi, umenimaliza.

Nimempigia leo. Nikamwambia labda nije siku ya kwanza na ya pili tu. Akacheka, akasema ya nne ndiyo yenye utamu. Kumbe na yeye ana daftari! Kasema siku ya pili penseli nashika mimi. Mama Kiburu, hizo nukta ni kwa kila mpira au kwa kila ova?

Mama Kiburu:
Kila mpira usiozaa kitu. Mipira sita ni ova moja, na kwa siku wanapanga ova 96. Piga hesabu mwenyewe, na ununue kifutio.