Unga protini iko juu lakini boflo zalala, shida ni mbegu ya ngano ama mbolea?

MamaHamri_Majengo:
Assalam aleikum wadau, naombeni ushauri manake nimechoka kutupa unga. Nina bekari ndogo hapa Majengo, naoka boflo na skonzi. Muuzaji wangu kaniletea magunia mapya, akasema huu ni wa ngano ya winta ya Ulaya, protini asilimia 12.5, ule wa zamani ulikuwa 11.5, basi mie nikafurahi maana siku zote naambiwa protini ikiwa juu mkate wasimama. Hamira ile ile, maji yale yale, tanuri lile lile. Donge laumuka vizuri halafu likiingia tanurini latambaa, boflo zatoka bapa na ndani zanata kwa kisu. Nimemuuliza ati aniambia wakulima wa huko hutia mbolea nyingi, kwa hivyo ngano ni nzuri. Sasa mbolea na boflo langu wapi na wapi? Tena kuna binamu yangu kakodi shamba Narok ataka kuagiza mbegu hiyo hiyo apande. Gunia nne bado ninazo.

BinShimanzi:
Waaleikum salaam mamangu. Kazi yangu ni kupima nafaka zinazoshuka bandarini na jambo hili naliona sana. Hiyo protini maabara hupima naitrojeni tu kisha huzidisha mara 5.7, yaani yakwambia ni KIASI gani, haikwambii gluteni, ile protini inayovutika na kulishika donge, ni ya namna gani. Mkulima akitia mbolea ya naitrojeni mapema ngano yatoa machipukizi mengi na mavuno yaongezeka, akirudia wakati suke latoka mavuno hayasogei sana ila protini ya punje ndiyo yapanda. Kwa hivyo hata mbegu dhaifu ya kulishia mifugo ukiipa ile dozi ya mwisho itasoma vizuri kwa karatasi. Lakini nguvu ya gluteni ngano yairithi, iko kwa mbegu, mbolea haiigeuzi. Ndio Wajerumani wakagawa mbegu zao madaraja, E ndiyo kali ya kuchanganya na zile dhaifu, kisha A, B ya mkate wa kawaida, halafu C. Ya E na ya C zote zikisoma 12.5 bado si ngano moja hata kidogo!

Na salfa pia ina kazi, nyuzi za gluteni zashikana kwa salfa, naitrojeni ikiwa nyingi na salfa haba donge lakaza halivutiki. Lakini lako latambaa, kwa hivyo shida yako si salfa.

Huko kunata nako kwanitia shaka ya mvua. Ngano ikinyeshewa imekauka shambani punje zaanza kuota kabla hazijavunwa, wanga wavunjika. Kuna kipimo chake cha sekunde, wahesabu kijiti chachukua muda gani kuzama ndani ya uji wa unga, wanga ukivunjika chazama upesi, viwanda vya mkate Uingereza hutaka sekunde 250 kwenda juu. Mwambie muuzaji akuonyeshe hiyo.

Shamba_Narok:
Dada mwambie binamu asitume pesa tafadhali!! Ngano ya winta hupandwa huko Septemba Oktoba, ikakaa na baridi kali wiki nyingi, ndio ivunwe Julai Agosti. Bila ile baridi haitoi suke, itabaki nyasi tu. Narok kuna baridi lakini si ya hivyo. Apande za kwetu, Robin, Njoro BW2, kuna hata moja yaitwa Kwale, na mbolea ya kukuzia agawanye asimwage yote mara moja, ngano ikirefuka sana yaanguka.

FundiTanuri:
Mamangu osha gluteni mwenyewe. Kanda unga kikombe kimoja na maji kidogo, liache donge nusu saa ndani ya maji, halafu ulikande chini ya bomba mpaka maji yasiwe meupe. Kinachobaki ni gluteni, vuta. Fanya na ule wa zamani ulinganishe. Na usiutupe huo, punguza maji, usiuache uumuke sana, au changanya na unga wenye nguvu.

MamaHamri_Majengo:
Nimerudi wadau. Nilikuwa na kibaba cha ule wa zamani nikaosha zote mbili. La zamani donge dogo lakini nikivuta larudi kama mpira. Hili jipya kubwa zaidi kweli, ila lavutika halirudi, nimeliweka kwa sahani limetandika lote. Kumbe namba haikudanganya, mie ndiye sikujua yasema nini. Binamu nimempata kwa simu, alikuwa hajalipa alhamdulillahi. Gunia hizi nimeamua za chapati na mahamri, jana chapati zimetoka laini mpaka wateja wakauliza. Muuzaji nimemwambia sinunui tena mpaka aniletee hiyo karatasi ya sekunde na aniambie ngano ni ya daraja gani. BinShimanzi Mungu akuzidishie, nikiipata naiweka hapa unisomee.