Kodi inaisha Novemba, nyumba ya Chamazi bado haijaisha: hela hii niigaweje?

Mpangaji_wa_Temeke

Habari wakuu. Naomba msaada wa mahesabu kwa wanaojua ujenzi na wanaojua fedha.

Nyumba ipo Chamazi, pembezoni mwa Dar es Salaam: vyumba vitatu, sebule, jiko, choo cha ndani. Imeezekwa bati na ina grili madirisha yote. Haina plasta, milango, karo (shimo la majitaka), umeme wala maji. Kodi ninapoishi ni 250,000 kwa mwezi na imelipwa hadi 30 Novemba. Mwenye nyumba anapokea miezi sita tu, yaani 1,500,000 kwa mkupuo.

Akiba ni 2,600,000. Mshahara pamoja na genge la mke wangu ni 1,350,000 kwa mwezi, matumizi 850,000 (kodi haimo), kwa hiyo tunabakiwa na 500,000. Tuko mwanzoni mwa Julai.

Bei nilizopewa: karo na mabomba ya choo 1,300,000, wayaringi nyumba nzima 900,000, milango miwili ya nje na fremu zake 700,000, plasta yote ya ndani 2,100,000, vigae 2,600,000, dari 1,900,000, madirisha ya alminiamu 1,700,000, rangi 900,000. Jumla 12,100,000. Saruji dukani ni 16,500 kwa mfuko, mchanga 90,000 kwa tripu ya mita za ujazo 3, ufundi wa plasta 4,000 kwa mita ya mraba na sakafu 3,000.

Je, nilipe tena miezi sita, nikope, au nihamie hivyo hivyo? Na hela ikae wapi wakati nasubiri?

---

Mkadiriaji_Majengo

Mkuu, hiyo milioni 12 iweke pembeni kwanza. Hiyo ni bei ya nyumba iliyoisha, na wewe Novemba huhitaji nyumba iliyoisha. Unahitaji vyumba viwili vya kulala, choo kinachofanya kazi, umeme, maji, na mlango unaofungwa kwa ufunguo. Vigae, dari na rangi havimzuii mtu kulala kwake. Ukilipa milioni na nusu ya kodi umetumia hela inayozidi bei ya karo lako lote.

Nimechukua vyumba viwili vya mita 3.5 kwa 3 na choo cha mita 2 kwa 1.5, kuta za kimo cha mita 2.8. Ukitoa nafasi za milango na madirisha unabaki na mita za mraba 83 za plasta. Kwa unene wa milimita 12 na mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga minne, mfuko wa kilo 50 unapiga mita 8 hadi 10. Tumia 8, kwa sababu kuta za tofali za saruji hazijanyooka na fundi atajaza mabonde. Ni mifuko 11. Sakafu ya vyumba hivyo na choo ni mita 24. Kwa unene wa sentimita 4 weka mifuko 8. Mchanga wa kazi zote mbili ni mita za ujazo 3, yaani tripu moja.

Kwa bei zako plasta inatoka kama 600,000 pamoja na mchanga wote na ufundi. Sakafu ni kama 200,000.

Mpangilio ndio unaookoa hela kuliko kupatana bei. Fremu za milango na mabomba ya umeme ndani ya ukuta yatangulie plasta. Bomba za maji za chooni nazo zitangulie. Anayeanza na plasta kwa sababu inapendeza macho hulipa mara tatu: kupiga, kutindua, kisha kuziba, na kiraka hakikosi ufa. Hata vyumba ambavyo hutapiga plasta sasa, chimbia mabomba ya umeme leo. Nyaya utavuta baadaye.

Mchanga upime kabla gari halijamwaga. Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, tia mchanga sentimita 12, ongeza maji hadi karibu ijae, tikisa kwa nguvu, iache imetulia saa tatu. Udongo laini utakaa juu ya mchanga kama utando wa uji. Ukizidi sentimita moja, rudisha gari. Mchanga wa namna hiyo unakula saruji na plasta inaachia ukuta ukiigonga kwa kidole. Ikishapigwa, mwagilia asubuhi na jioni siku saba.

Saruji nunua ya wiki hiyo tu. Ikikaa miezi mitatu kwenye chumba chenye unyevu inapungua nguvu, na mifuko iliyolazwa moja kwa moja sakafuni huanza kuganda kwa chini.

---

Mhasibu_wa_Mtaa

Naongezea upande wa hela. Ndugu, kabla ya kununua msumari mmoja, tenga 750,000. Hiyo ni kodi ya miezi mitatu iwapo kazi itachelewa. Usiiguse kwa sababu ya mfuko wa saruji. Kazi ikienda sawa, Desemba inageuka kuwa hela ya madirisha.

Baki unaanza na 1,850,000 na kila mwezi unaongeza 500,000. Inaweza kwenda hivi:

Julai: karo na mabomba yake, 1,300,000. Unabaki na 1,050,000.
Agosti: fremu peke yake kama 250,000, na wayaringi wa vyumba viwili, choo na sebule pamoja na swichi kuu. Ukimwambia fundi avute nyaya nusu, 900,000 inaweza kushuka hadi 550,000. Baki 750,000.
Septemba: plasta 600,000 na malipo ya kuunganishiwa umeme na TANESCO, kama 321,000. Baki kama 329,000.
Oktoba: sakafu 200,000, choo cha kuchuchumaa, bomba na tenki la lita 500 kama 300,000. Baki 329,000.
Novemba: milango yenyewe 450,000, kuhama 250,000. Unabaki na 129,000 mkononi.

Imebana, lakini inatosha, na hakuna deni. Milango nimeiweka mwisho makusudi. Ukiitundika Agosti kwenye nyumba isiyo na mtu, unalipa na mlinzi.

Kuhusu pa kuweka: hela ya wiki mbili zijazo ibaki kwenye simu au benki. Ile 750,000 na zinazosubiri peleka Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja. Unaanza na 100,000, unaongeza kuanzia 10,000, na hawakati ada ya kutoka. Ila hela haiji papo hapo, inachukua siku za kazi, kwa hiyo omba kutoa wiki nzima kabla ya siku ya fundi. Akaunti ya muda maalumu ya benki haikufai: kazi yako inadai hela kila mwezi, na ukiivunja kabla ya muda riba inapotea. Mchezo wa kupeana ingia tu kama zamu yako ni kabla ya Oktoba na imeandikwa. Zamu ya Januari kwako haina maana.

Hiyo 500,000 itoke siku ya mshahara, kabla ya sokoni. Ikisubiri kitakachobaki mwisho wa mwezi, haitabaki.

Mwenye nyumba mfuate Septemba, usisubiri Novemba. Mwombe miezi miwili au mitatu ya nyongeza, mwandikishane. Mwenye nyumba anayejua mapema tarehe ya kuondoka kwako ana muda wa kutafuta mpangaji, kwa hiyo ana sababu ya kukubali. Ukimwendea wiki ya mwisho atakudai sita.

---

Fundi_Umeme_Mbagala

Kwenye umeme msikosee hesabu. Bei ya kuunganishwa mjini iliyoanza kutumika tena Januari 2022, kwa njia moja (umeme wa kawaida wa nyumbani) na ndani ya mita 30 bila nguzo, ni 320,960. Ikihitajika nguzo moja ni 515,618, nguzo mbili 696,670. Kwa hiyo leo hii chukua futi kamba, pima kutoka nguzo ya karibu hadi ukuta utakaowekwa mita. Mita 34 badala ya 29 inakugharimu karibu laki mbili zaidi. Kama kona nyingine ya nyumba ipo ndani ya 30, swichi kuu iwekwe huko kabla fundi hajachimbia mabomba.

Maombi unatuma kwa NIKONEKT, mfumo wa TANESCO wa kuomba umeme kwa simu. Wayaringi ufanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), maana fomu inataka mhuri wake. Fundi wa bei chee asiye na leseni atakumalizia kazi vizuri kisha ukose wa kukugongea mhuri, uanze kumlipa wa pili. Ombeni mapema Septemba, ili kama foleni ni ndefu ikukute bado una Oktoba na Novemba. Waya wa ardhini na fimbo yake visirukwe ili kupunguza bei. Ndivyo vinavyokulinda friji ikipiga shoti.

Jambo moja ambalo wengi hawaliweki kwenye bajeti: kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Nyumba ya kawaida ya chini ni 1,500 kwa mwezi tangu Julai 2023. Mita ikiwekwa Septemba na wewe ukanunua umeme Desemba, inakusubiri ya miezi yote. Usishtuke units zikitoka chache mara ya kwanza.

---

Mama_Genge

Kaka, hesabu za wenzangu ni nzuri, lakini karo msilichezee tarehe. Vuli inaanza Oktoba. Shimo likichimbwa mvua imeshika, kingo zinabomoka, mafundi wanalipwa kuchota maji badala ya kujenga, na kwenye barabara za mchanga na matope gari la tofali linakuongezea bei au linashusha mbali nawe ulipe toroli. Julai na Agosti udongo ni mkavu. Chimba sasa.

Simama mwenyewe bomba la inchi 4 likilazwa. Kila mita ishuke sentimita 2.5, kwa bomba zima la mita 6 ni sentimita 15. Ukilaza pungufu uchafu unatuama, ukiinamisha mno maji yanakimbia na kuacha uchafu nyuma, na kote kuwili utaziba. Kabla hawajafukia, mwaga ndoo mbili za maji chooni uangalie kwenye chemba yanavyopita. Wakishafukia na kuondoka, kumrudisha fundi ni hela nyingine.

Ufundi lipa kwa hatua: shimo limekwisha, lipa, ukuta wa karo umekwisha, lipa, mfuniko umemwagwa, lipa. Malipo ya kutangulia yasizidi theluthi. Vifaa nunua mwenyewe, risiti ikae kwenye daftari moja na tarehe.

Na nauli mmeisahau. Kama kutoka Chamazi ndani hadi barabarani ni bodaboda ya 1,000, kwenda na kurudi siku 26 ni 52,000 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Na mzigo wa genge je? Hiyo 500,000 mnayoitegemea baada ya kuhama inaweza kuwa 400,000. Mtoto wa shule asihamishwe Novemba. Shule zinafungwa Desemba, muhula mpya ni Januari, kwa hiyo mvumilie nauli yake ya siku chache tu. Barua ya uhamisho ianze kufuatwa Oktoba.

---

Mpangaji_wa_Temeke

Nashukuru sana wakuu. Nimepima, ni mita 27 kutoka nguzo, kwa hiyo upande huo niko salama. Maswali mawili: kuna mtu anatoa mkopo wa 2,000,000 kwa miezi sita, riba asilimia 10 kwa mwezi, ningemaliza na madirisha kabisa. Na kama sikopi, madirisha nifanyeje hadi Januari?

---

Mhasibu_wa_Mtaa

Hiyo ni kausha damu, ndugu, mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Asilimia 10 ya milioni mbili ni 200,000 kila mwezi; miezi sita ni 1,200,000 ya riba tupu. Kukaa miezi mitatu zaidi kwa mwenye nyumba ni 750,000, na hakuna anayekuja kuchukua kitanda chako. Marejesho yenyewe ni 533,000 kwa mwezi wakati wewe unabakiwa na 500,000. Mwezi wa kwanza tu tayari umekosa 33,000, na ujenzi umesimama.

---

Mkadiriaji_Majengo

Madirisha: grili zipo, kwa hiyo usalama upo. Vyumba mnavyolala tengeneza fremu nyepesi ya mbao za inchi moja kwa mbili, nusu ya juu wavu wa mbu, nusu ya chini plaiwudi iliyopakwa rangi ya mafuta pande zote mbili, maana ikiachwa mbichi vuli itaivimbisha. Ifungwe kwa skrubu, si misumari, ili fundi wa alminiamu aitoe bila kubomoa kingo. Vyumba visivyokaliwa ziba na bati lililobaki.

Alminiamu usiagize sasa. Vipimo halisi vinachukuliwa baada ya plasta ya kingo za dirisha. Plasta inakula sentimita moja na zaidi kila upande, na dirisha lililokatwa kabla yake halitaingia. Kwa hiyo Septemba fundi akipiga plasta mwambie anyooshe kingo za madirisha ya vyumba hivyo viwili kwa pima maji, kisha uchukue vipimo juu, katikati na chini. Mpe wa alminiamu kipimo kidogo kati ya vitatu.

---

Mama_Genge

Siku ya kuhama chukua Kenta (lori dogo), tripu moja, asubuhi ya siku isiyo ya mwisho wa mwezi. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ni rahisi ukiambiwa bei ya tripu, ila vitu vya familia vitakwenda mara tatu. Mpatane na kupakia na kushusha humo humo. Na siku moja kabla, jaza lile tenki.