Naomba ushauri: Kiswahili anasoma bila shida, Kiingereza kinamgomea

Wakuu, habari za jioni. Binti yangu yuko darasa la pili, shule ya mchepuo wa Kiingereza huku Tabata. Gazeti la Kiswahili anateleza nalo. Akishika kitabu cha Kiingereza, “come” anaisoma “kome”. Mwalimu anataka tuache Kiswahili nyumbani, jambo ambalo mimi silikubali hata kidogo. Utafiti wa Seymour na wenzake wa 2003 ulionyesha watoto wa Finland, ambako herufi na sauti zinalingana kama kwetu, wanasoma karibu maneno yote mwishoni mwa darasa la kwanza. Wa Scotland, kwa Kiingereza, walikuwa nyuma sana. Wenye uzoefu, nianze na sauti za herufi au akariri maneno mazima?